Nipe Mji: Je, Kutojua ni Aibu?



Wengi wetu tulianza shule kabla ya kupelekwa shule. Jioni, chakula kikiisha kuliwa na vyombo vikiisha kuoshwa, Bibi alikohoa kidogo, akasema, "Kitendawili!" Nasi wajukuu tukaitika kwa sauti moja, "Tega!" Akatega: "Nyumba yangu haina mlango." Mmoja akasema ni kaburi, mwingine akasema ni mtungi, na yule aliyekisikia juzi kwa mjomba akaruka juu akasema ni yai. Akatega tena: "Kuku wangu katagia miibani." Hapo ilichukua muda, mpaka mmoja akakumbuka nanasi lililokuwa nyuma ya nyumba. Tulicheka, tukabishana, tukaenda kulala.

Nimeyafikiri mambo hayo mara nyingi, wala si kwa kuutamani utoto tu. Liko swali ambalo limenisumbua kwa miaka, nalo ni hili: mtu asiyejua ana wajibu gani, na yule anayejua ana wajibu gani kwake? Mwingine atasema kwamba hilo ni swali la kuwapa watoto wa kipaimara wapate kukaa kimya. Nami ningesema hivyo, kama nisingaliona jinsi lilivyomgharimu mtu mmoja mwema shilingi mia, na karibu limgharimu jina lake. Habari hiyo nitaifikia.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kitendawili hutegwa, kama vile mtego unavyotegwa njiani pa ndezi. Na anayekipata hukitegua, kama vile mtego unavyoteguliwa. Lugha yetu haifichi jambo hili: anayeuliza kitendawili anajificha kichakani, na anayeulizwa anapita njiani asijue. Je, ni halali Mkristo kumtega mwenziwe? Ukitazama neno peke yake utasema hapana. Lakini tazama pia desturi iliyofungamana na neno hilo, kwa maana wazee wetu hawakuuacha mtego bila sheria.

Kwanza, hutegwi kabla hujakubali. Mwenye kitendawili lazima atangaze, nawe lazima uitike "Tega!" Bila kuitika kwako hakuna mchezo. Kisha ukishindwa, hupigwi wala huchekwi mpaka ulie. Unaambiwa, "Nipe mji." Unampa mji, tuseme Tanga. Naye husema: "Nilikwenda Tanga, watu wa Tanga wakanipokea vizuri, nikala samaki, nikanywa madafu, nikaoga, nikalala, na jibu lake ni yai." Sisi watoto tulitoa miji mikubwa mikubwa, Mombasa na Dar es Salaam na Unguja, ingawa wengine hatujapata kuvuka mto wa kijijini. Tulitoa tusichokuwa nacho. Hata hivyo ilituuma kidogo kumwona mwenzetu akistarehe katika mji tuliomkabidhi sisi wenyewe, na maumivu hayo madogo ndiyo yaliyolifanya jibu likae kichwani. Kumbe kushindwa kulikuwa na bei yake, na ukiisha kuilipa umemaliza, umepata jibu, na kesho unaweza kuwatega wengine.

Nikiri hapa kosa langu la utoto. Kuna siku binamu yangu aliniibia jibu la kitendawili ambacho Bibi alikuwa amekiweka kwa ajili ya jioni ile. Bibi hakumaliza hata kukitega, nikajibu. Wenzangu walishangaa. Bibi alinitazama akauliza tu, "Umejuaje?" Sikuwa na la kusema, kwa sababu sikuwa nimepita njia yoyote kulifikia jibu lile. Hakunikaripia. Alitega kingine ambacho sikukijua, nikatoa mji kama wengine, na moyoni nilipata nafuu kubwa.

Sasa tugeuke kwenye Biblia, maana kitendawili kilichokwenda vibaya kuliko vyote nivijuavyo kimo humo, katika sura ya 14 ya kitabu cha Waamuzi. Samsoni alikwenda Timna kuoa binti wa Kifilisti. Njiani alikuwa amemwua mwana-simba, na siku nyingine alipopita tena akakuta nyuki wamefanya asali ndani ya mzoga. Akachukua asali akala, akawapa baba yake na mama yake nao wakala, asiwaambie ilikotoka. Katika karamu ya arusi, iliyokuwa ya siku saba, aliwategea vijana thelathini waliokuwa pamoja naye kitendawili juu ya chakula kilichotoka kwa mlaji na utamu uliotoka kwa mwenye nguvu. Akaweka na dau: mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadili.

Mara nyingi nimesikia habari hii ikihubiriwa, na kila mara lawama imemwangukia yule bibi arusi kwa kuwa hakuweza kutunza siri. Mimi siafiki. Someni tena polepole. Wale vijana walimwambia kwamba asipolipata jibu watamchoma moto yeye pamoja na nyumba ya baba yake. Huyo si mwanamke mwenye mdomo mwepesi, ni binti aliyeshikiwa moto. Alilia mbele ya mumewe siku zile zote, na siku ya saba Samsoni akamwambia, naye akawaambia watu wake. Samsoni alipoona wamejibu, alijua mara moja wamelipataje. Akashuka Ashkeloni, akaua watu thelathini, akawavua mavazi yao akalipa deni. Wale thelathini wa Ashkeloni hawakualikwa arusini, hawakusikia kitendawili, hawakuweka dau. Na ukiendelea katika sura ya 15 utaona mashamba ya nafaka yakiteketea kwa mienge iliyofungwa kwenye mikia ya mbweha, na mwishowe Wafilisti wakamchoma moto yule mwanamke na baba yake. Lile aliloliogopa tangu mwanzo ndilo lililompata.

Kosa lilianzia wapi? Nadhani lilianzia katika kitendawili chenyewe. Kitendawili cha haki huulizia kitu kilicho mbele ya wote. Yai wote tumeliona, nanasi wote tumelila, macho wote tunayo. Jibu likitolewa, aliyeshindwa hupiga paji la uso akasema, "Kumbe!" Na "kumbe" hiyo ndiyo ushahidi kwamba hakudhulumiwa, kitu kilikuwepo mbele yake, ni yeye tu hakukigeukia. Lakini nani angaliweza kujua habari ya mzoga ule? Hata baba na mama wa Samsoni, walioilamba asali yenyewe, hawakujua. Samsoni hakuupima werevu wa wageni wake. Aliwauliza jambo lililokuwa limefungwa kifuani mwake, akataka walipe mavazi sitini kwa kutokuwa yeye. Na wale vijana nao walikuwa na njia ya heshima wazi mbele yao: kusema tumeshindwa, kulipa, na kuila karamu. Hakuna aliyetaka kutoa mji.

Katika maisha ya nyumbani na ya kanisa vitendawili vya Samsoni ni vingi kuliko tunavyofikiri. Mume anarudi amenuna, anaulizwa ana nini, anajibu, "Wewe mwenyewe unajua." Mkubwa wa kazi anamwuliza mdogo wake swali ambalo jibu lake liko kwenye barua aliyoifungia mezani. Hata sisi tunaofundisha dini tumewahi kumwuliza mwanafunzi jambo tusilomfundisha, ili darasa lione jinsi tulivyosoma. Hapo hakuna "Tega!" iliyoitikwa. Ni mtego mtupu.

Nifikie sasa habari ile niliyoahidi. Ilikuwa mwaka 1984, katika mtaa ambao sitautaja, nami nilikuwa katibu wa Halmashauri, kijana kuliko wajumbe wote. Mtaa wetu ulikuwa na kanda tatu. Wanakwaya walialikwa kwenye sikukuu ya somo wa kanisa la jirani, na kila kanda ikatoa shilingi 1,000 za kukodi lori. Jumla shilingi 3,000, akakabidhiwa mweka hazina, mzee aliyekuwa karani wa shamba la mkonge kwa miaka mingi, mtu wa kuandika kila senti. Mwenye lori, kwa kuwa ilikuwa shughuli ya kanisa, akapokea shilingi 2,500 tu. Zikabaki 500. Mzee akaona 500 hazigawanyiki vizuri kwa kanda tatu. Basi akairudishia kila kanda shilingi 100, na zile 200 zilizosalia akanunulia mafuta ya taa kwa ajili ya mkesha. Stakabadhi zote alikuwa nazo.

Kwenye kikao akasoma hesabu yake. Ndipo ndugu mmoja, mwenye kipaji cha hesabu na asiye na nia yoyote mbaya, akaomba chaki akaenda ubaoni. Akasema: kila kanda ilitoa 1,000, ikarudishiwa 100, kwa hiyo kila kanda imetoa 900. Mara tatu, ni 2,700. Mafuta ya taa ni 200. Jumla ni 2,900. Nasi tulianza na 3,000. Je, shilingi 100 ziko wapi?

Kikao kilinyamaza. Msomaji, kama hujapata kuiona hesabu hii, simama kidogo hapa uitazame, uone kama wewe ungalisema nini. Mzee aliutazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasema, "Fedha zote nazijua zilikokwenda. Lakini hesabu hiyo ya ubaoni, kwa kweli siwezi kuieleza." Katika mchezo wa vitendawili hayo yangalikuwa maneno ya mtu mwungwana anayetoa mji. Sisi tuliyasikia kama maneno ya mwizi aliyekamatwa. Nami kwa mkono wangu niliandika katika muhtasari: shilingi 100 hazijulikani zilipo. Jumapili iliyofuata mzee alileta bahasha yenye noti ya shilingi mia kutoka mfukoni mwake, akaomba apumzishwe kazi ya hazina kwa sababu ya umri. Tulimpumzisha. Hakuna aliyesema neno baya, nasi tukaona tumefanya jambo hilo kwa upole wa Kikristo.

Ilipita miezi minane hivi. Binti wa ndugu yangu, aliyekuwa darasa la saba, alikuja likizo, na usiku mmoja akatega kitendawili cha shuleni: wageni watatu, nyumba ya kulala wageni, shilingi thelathini, kijana wa kazi aliyebaki na shilingi mbili, na shilingi moja iliyopotea. Nilihisi jasho likinitoka. Ilikuwa hesabu ile ile, imepunguzwa tu. Nikamwambia alete punje thelathini za mahindi, tukazihamisha mezani moja moja. Ishirini na tano kwa mwenye nyumba, mbili kwa kijana, tatu mikononi mwa wageni. Punje zilikuwa thelathini, zote ziko mezani, hakuna iliyoanguka.

Tatizo lilikuwa katika kujumlisha. Zile shilingi 2,700 ndizo fedha zilizotoka mikononi mwa kanda zisirudi, nazo zilikwenda mahali pawili: 2,500 kwa mwenye lori na 200 dukani kwa mafuta ya taa. Mafuta yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa ndani yake. Kuyajumlisha tena juu ya 2,700 ni kuyahesabu mara mbili, na ile 2,900 inayopatikana si fedha ya mtu yeyote, ni tarakimu tu zilizokutanishwa. Mwenye kutaka kurudi kwenye 3,000 anapaswa kuongeza zile 300 zilizorudishwa. Hakuna shilingi hata moja iliyopotea. Kilichopotea ni lile swali lenyewe, kwa maana liliulizia kitu kisichokuwepo, nasi wajumbe kumi na wawili wenye akili timamu tukaanza kukitafuta, na tulipokikosa tukamtazama mtu aliyekuwa karibu nacho.

Kesho yake nilichukua baiskeli na mfuko wa mahindi, nikaenda kwa mzee. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamwonyesha. Aliomba nirudie. Nikarudia. Alicheka kidogo, halafu akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, nilijua sikuiba. Lakini kuna usiku nilianza kujiuliza kama labda nilisahau." Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angalinifukuza. Tulikuwa tumemfanya mtu mwaminifu aishuku kumbukumbu yake mwenyewe.

Kwenye kikao kilichofuata niliomba muhtasari usahihishwe, na mwenye chaki yule akasimama mwenyewe akafuta maneno yake mbele ya wote, akaenda na nyumbani kwa mzee. Shilingi mia ilirudishwa. Kazi ya hazina mzee hakuipokea tena. Amekwisha kulala katika Bwana sasa, na yule mwenye chaki pia.

Kwa hiyo nauliza tena: kutojua ni aibu? Siku ile waliokuwa hawajui tulikuwa kumi na watatu chumbani, pamoja na mzee. Yeye peke yake ndiye aliyesema kwa kinywa chake kwamba hajui, na yeye peke yake ndiye aliyelipa. Sisi wengine hatukujua hesabu ile ina kasoro gani, wala hatukujua kwamba hatujui. Wajibu wa mwenye chaki ulikuwa kujiuliza, kabla hajaligeuza jambo liwe swali la hadharani, kama swali lake linasimama kwa miguu yake. Na wajibu wangu mimi wa kalamu ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu maneno ya ubaoni hufutwa jioni ile ile, lakini ya muhtasari hukaa kabatini yakasomwa na watu wasiokuwepo.

Lakini si kila "sijui" ni ya haki. Iko nyingine ambayo Injili inatuonyesha waziwazi. Wakuu wa makuhani na wazee walimwendea Bwana Yesu hekaluni wakamwuliza kwa mamlaka gani anatenda. Naye aliwauliza swali moja: ubatizo wa Yohana ulitoka wapi, mbinguni au kwa wanadamu? Mtakatifu Mathayo, katika sura ya 21, anatupa hata mashauri yao. Wakisema ulitoka mbinguni, wataulizwa mbona hawakumwamini. Wakisema kwa wanadamu, wanawaogopa watu. Ona jinsi walivyofikiri vizuri! Waliipima kila njia mpaka mwisho wake, kama mchezaji hodari wa bao. Kisha wakajibu kwamba hawajui.

Hao hawakushindwa na kitendawili. Hawakuwa wakitafuta jibu lililo kweli, walikuwa wakitafuta jibu lisilo na gharama, na walipoona kila jibu lina gharama wakajificha ndani ya neno la wajinga wanyofu. Mzee wetu alisema hajui, akalipa. Wao walisema hawajui ili wasilipe. Na Bwana, ambaye alikuwa mvumilivu sana kwa watu wasioelewa, hao hakuwapa jibu. Ni kama ilivyo katika mchezo: asiyetoa mji hapewi jibu, naye abaki hivyo hivyo. Nikisikia katika vikao vyetu mtu akiulizwa jambo la wazi akasema, "Hilo mimi sijui, labda waulizwe wengine," huwa najiuliza ni sijui ipi kati ya hizo mbili. Nami mwenyewe nimezitumia zote mbili.

Hapa mtu ataniuliza: na yale maswali ambayo hata tukitoa miji yote ya Afrika hatupewi jibu? Mama aliyemzika mtoto wake wa miaka mitatu huuliza kwa nini, nasi tunaokwenda kumfariji huwa na haraka ya kutegua. Tunasema Mungu alimpenda zaidi, au ni mtihani, kama wanafunzi waliokariri majibu nyuma ya kitabu. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo lilikuwa tendo jema kabisa. Walipoanza kujibu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu akawakasirikia. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho kwamba kuona kwetu kwa sasa ni kama kwa kioo, alitumia neno lile lile ambalo Wayunani walilitumia kwa fumbo na kitendawili. Simsomi kama anatukataza kuuliza. Anatuambia tuko katikati ya kitendawili ambacho Mtegaji wake hakuficha mzoga kichakani, na kwamba siku ya jibu iko. Kwa mama yule afadhali tukae chini naye.

Nisiwaache katika majonzi, maana tangu zamani Kanisa limeupenda mchezo huu nalo limeutumia kufundishia. Huko Uingereza, katika mji wa York, alikuwapo shemasi na mwalimu aliyeitwa Alcuin, aliyekwenda baadaye kufundisha katika jumba la mfalme Charlemagne, akafariki mwaka 804. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa alikusanya kwa Kilatini mafumbo ya hesabu ya kunoa akili za vijana. Ndani yake yumo mtu aliyefika mtoni na mbwa-mwitu, mbuzi na kabichi, na mtumbwi usioweza kuchukua ila yeye na kimoja. Sisi tunamjua mtu huyo. Kwetu amechukua chui, mbuzi na majani. Asipokuwepo, chui atamla mbuzi, au mbuzi atakula majani. Nimewatega watu wazima fumbo hili wakakasirika kabisa, kwa sababu jibu lake linataka jambo ambalo mwenye haraka halikubali. Humvusha mbuzi kwanza, harudi na kitu, humvusha chui, na hapo, ng'ambo akiwa amekwisha kufika, lazima ampakie mbuzi tena na kumrudisha alikotoka. Kisha huvusha majani, akarudi mtupu, akamchukua mbuzi kwa mara ya pili. Safari saba. Kila ninapofika pale pa kumrudisha mbuzi namkumbuka ndugu yetu akifuta maneno yake mbele ya kikao.

Katika mkusanyo huo huo kuna fumbo la kikanisa ambalo nalipenda zaidi, na vijana wa kipaimara wamelipenda pia. Askofu mmoja aliagiza mikate 12 wagawiwe watumishi wa kanisa. Kila kasisi apewe mikate miwili, kila shemasi nusu mkate, na kila msomaji robo. Watumishi nao walikuwa 12, sawa na idadi ya mikate. Je, makasisi walikuwa wangapi, mashemasi wangapi, na wasomaji wangapi? (Msomaji mmoja wa mtaa wetu, alipolisikia, aliuliza kwanza kwa nini wasomaji wapewe robo. Sikuwa na jibu.)

Makasisi walikuwa watano, shemasi mmoja, na wasomaji sita. Makasisi walichukua mikate kumi, shemasi nusu, wasomaji mmoja na nusu. Hakikisheni kwa punje za mahindi mkipenda, au kwa mikate yenyewe. Lakini kuna jibu la pili linalotimiza hesabu ile ile, ikiwa siku hiyo hakufika msomaji hata mmoja. Hilo silisemi hapa. Atakayelipata na anieleze baada ya Misa, pamoja na njia aliyopita kulifikia. Na atakayeshindwa aje vilevile, anipe mji.